Vibao Kwenye Mikindu

Boti iligonga kisiki kilichojificha chini ya maji, ikapasuka ubavu, na kufumba na kufumbua injini, redio na dira vilikuwa vimezama. Futi na shemeji yake waliambulia panga, dumu la maji ya kunywa na kamba ya kupimia. Mkondo uliwaburura mpaka ndani ya msitu wa mikindu, na waliposimama kwenye tope hawakujua tena mto uko upande gani.

Jina la Futi alipewa kazini, maana hapiti mti bila kuupima. Mkindu haunenepi mwaka hadi mwaka kama miti mingine. Hurefuka tu, kwa hiyo anayetaka kujua umehifadhi kaboni kiasi gani hana budi kuupima urefu. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, na mumewe alipotelea humu humu msimu wa mafuriko, miaka kadhaa nyuma, kisionekane hata kiatu. Hakuna aliyethubutu kumwita marehemu mbele ya Futi. Shemeji, mdogo wa mumewe, ndiye aliyeendesha boti safari hii, na mama yao alimruhusu kwa shingo upande.

“Nimebaki na huyu tu,” mama mkwe alimwambia Futi. “Nirudishie.”

Sasa mwiba wa mkindu ulikuwa umemzama huyo shemeji kisiginoni, na mguu umevimba mpaka kiatu kimegoma kutoka. Mvua ilianza. Hapo Futi akaona kibao cha bati kimepigiliwa kwenye shina, usawa wa kifua, na namba iliyochongwa kwa msumari. Ile saba yenye mkia aliijua: ndivyo mumewe alivyoiandika kwenye miti aliyoipima. Alikigusa kibao.

“Tuvifuate hivi,” alisema. “Vitatutoa.”

Walikwenda kibao hadi kibao, maji yakiwafika magotini. Mbele yao, ndani kabisa ya msitu, kitu kiligonga: ko, ko, ko. Nyundo. Futi akakaza mwendo.

“Umesikia?” aliuliza.

“Nasikia mguu wangu,” shemeji alijibu.

Vibao vilikuwa vinapanda. Kimoja kilikuwa usawa wa uso, kilichofuata juu ya kichwa, kisha mkono wa Futi ukawa haukifikii.

“Miti imekua, imevibeba,” shemeji alisema.

“Mkindu hukulia kileleni. Msumari unabaki pale pale ulipopigwa.”

Maneno yake mwenyewe yakamchoma. Mumewe alikuwa kwenye mtumbwi, maji yakimwinua mti hadi mti, naye badala ya kukimbia anapigilia vibao. “Mbishi wewe,” Futi alinong’ona, na machozi yakamtoka.

Shemeji aliegemea shina, midomo imempauka. “Shemeji, kaka alikuwa anaanzia wapi kuhesabu?”

“Mtoni.”

“Na sisi namba zinashuka?”

“Zinapanda.”

“Ulikuwa unajua.”

“Nilitaka kukiona cha mwisho.”

Shemeji hakumfokea. Afadhali angemfokea. “Yeye ameshakufa, shemeji,” alisema. “Mimi bado.”

Nyundo ikagonga tena, karibu, nyuma ya miti miwili mitatu, bila haraka, kama mtu anayejua utakuja. Bati likametameta kule juu. Hatua chache tu. Futi alisimama maji yakimpanda mapajani, kila kiungo chake kikimvuta kule, kisha akageuka akakipa kibao kisogo. Alimbeba shemeji mgongoni, akamfunga kwa kamba ya kupimia, na akaanza kurudi, namba zikishuka. Maji yalimfika kifuani, ikabidi avitafute vibao vya chini kwa kupapasa. Nyuma yake nyundo haikukoma mpaka waliposikia mto.

Waling’ang’ania gogo ukingoni hadi tishari la kubeba mchanga lilipopita. Mabaharia waliwavuta juu kwa kamba. Shemeji alinusurika, na mguu wake pia.

Mama mkwe aliwapokea kwenye korido ya hospitali. Alimpapasa mwanawe uso, mabega, mikono, akimhakiki. Kisha akamtazama Futi, na macho yake yakauliza lile swali ambalo nyumba nzima ilikuwa imelimeza miaka yote.

“Amekufa, mama,” Futi alisema. “Alikuwa ananiita. Nimemwacha.”