Aliyempokea Efraimu Mlimani

Mama yangu hakuwa mtu wa hadithi za mizimu. Alikuwa Mlutheri wa kupindukia, wa kuimba tenzi huku akipalilia viazi, na mtu akianza habari za wachawi mbele yake alimkata kauli: "Nenda kafanye kazi, uchawi ni uvivu." Kwa hiyo haya nitakayosimulia sikuyapata kwake kwanza. Niliyapata kwa shangazi yangu Hulda, dada wa baba, ambaye mdomo wake haukuwa na komeo. Nilipomwuliza mama kama ni kweli, hakukana. Aliinuka akaenda kusonga ugali.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla, mwezi wa Julai. Mnaotoka pwani hamjui Julai ya Njombe. Asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu, na ukungu ukishuka hata kuku wanakataa kutoka bandani. Baba yangu, Yoeli, alikuwa Makambako kwenye kibarua cha barabara. Mama, ambaye jina lake ni Ema, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, kaka yangu Efraimu, na bibi yetu mzaa mama, aliyekaa ng'ambo ya mlima, alikuwa hajamwona mjukuu. Baba aliahidi kuwapeleka, akaahidi tena, na ahadi za baba mnazijua nyinyi mliomfahamu. Mama akachoka kungoja. Akamwambia wifi yake Hulda, "Kesho tunapanda. Nikimsubiri kaka yako, mtoto atakwenda kwa bibi yake akiwa na ndevu."

Mlima wenyewe sitautaja jina, wenye mashamba pale wasije wakanilaumu. Jueni tu kwamba ukisimama kijijini Yakobi unauona, na kwamba ukitoka asubuhi kwa miguu unafika upande wa pili kabla jua halijapinda sana.

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze, maana bila hilo mtamwona mama yangu mjinga. Njia zetu za mlimani ni nyembamba, wanawake hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Wa nyuma akiona wa mbele ameelemewa, anamwambia, "Nikupokee." Wa mbele hasimami wala hageuki, kwa sababu ukigeuka kwenye tope la mteremko unakwenda chini wewe na mzigo wako. Analegeza fundo kifuani, anainama kidogo, na mtoto anaondoka mgongoni pamoja na mbeleko yake. Na aliyepokea haachi mzigo njiani. Anaufikisha mlangoni, anaukabidhi kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo heshima ya safari, na mama alikuwa ameifanya tangu akiwa msichana.

Walitoka jua likiwaka, wakicheka. Hulda alikuwa na mafua, sauti imekauka, na mama alimtania kwamba anakoroma huku anatembea. Hulda alibeba kichwani kikapu cha unga wa ulezi na kuku mmoja wa bibi. Mama alimbeba Efraimu, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

Walipofika katikati ya mlima ukungu ukashuka. Haukuja taratibu. Ulishuka ukafunga kila kitu, mama akawa anaona miguu yake na jani la mbele yake tu. Hulda akasema, "Wifi, tangulia. Kata ya kichwani imelegea, nairekebisha nakuja." Mama akatangulia. Nyuma yake akasikia kuku akilia, kisha akawa hamsikii tena.

Alipanda peke yake kitambo. Mtoto alikuwa mzito kwa unyevu wa nguo. Halafu akasikia hatua nyuma yake, hatua za mtu anayejua njia, na akafurahi.

"Nikupokee," sauti ikanong'ona. Ilikuwa kavu.

"Ungekuwa wifi mwema ungesema tangu kule chini," mama akajibu. Akalegeza fundo. Akainama.

Mikono ikamgusa mgongoni. Ilikuwa ya moto. Mama alikumbuka hilo baadaye, kwamba kwenye baridi ile mikono ilikuwa ya moto kama ya mtu aliyekuwa anaota moto jikoni. Wakati ule aliwaza tu kwamba mafua ya Hulda yamegeuka homa. Uzito ukatoka mgongoni. Akajinyoosha akamshukuru Mungu, akaendelea kupanda.

Alizungumza njia nzima. Alimsema baba, alimsema mchungaji, alisema kuku atachinjwa leo leo. Nyuma yake mtu aliitikia, "Mmh." Efraimu alicheka, kile kicheko cha mtoto anayetekenywa. Kisha mtu akaanza kumwimbia kwa Kibena, wimbo wa kubembeleza ambao mama aliujua, lakini alikuwa hajausikia tangu utoto wake. Akawaza, Hulda kaupata wapi wimbo wa kwetu?

Njia ikapinda. Ukungu ukapungua kidogo. Mbele, juu ya jiwe, alikuwa ameketi mtu anakula kiazi baridi, kikapu kipo miguuni, kuku yumo.

"Mbona umekawia?" Hulda akasema. "Nilipita njia ya mkato ya wakata kuni nikadhani nitakukuta hapa."

Mama akasimama pale pale. Wimbo nyuma yake ulikuwa umekoma.

"Wifi," Hulda akasema polepole, na kiazi kikamdondoka. "Mtoto yuko wapi?"

Mama akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na njia, tope, ukungu. Kwenye tope zilikuwepo nyayo za mtu mmoja tu, na zilikuwa zake.

Shangazi Hulda aliniambia kwamba amesikia watu wakilia misibani maisha yake yote, lakini sauti aliyoitoa mama pale hajaisikia tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama alishuka mbio akaanguka. Akainuka. Akaanguka tena. Akaita. Efraimu akacheka, juu upande wa kulia. Wakakimbilia juu. Akacheka chini. Wakakimbilia chini. Kisha kimya. Hakuna ndege. Hakuna upepo. Mama alijaribu kusali, Baba Yetu ikamtoka nusu, iliyobaki akawa haikumbuki, yeye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa ubatizo.

"Tulia," Hulda akamnong'oneza akimshika mabega. "Ema, tulia. Aliyepokea haachi mzigo njiani. Atamfikisha. Twende kwa mama."

"Atamfikisha mlango upi, Hulda?"

Hulda akayaachia mabega ya mama. Alikwenda akabeba kikapu, maana mikono yake ilitaka kitu cha kushika, akamvuta mama kwa nguo. Waliteremka upande wa pili. Mama alikuwa ameshika ncha mbili za kitenge alichojitanda kifuani, pale lilipokuwa fundo la mbeleko, na hakuziachia.

Bibi yetu, Emilia, alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mikononi alikuwa na mtoto.

Mama alimnyakua. Alimfungua nguo zote kwenye baridi ile, akamtazama vidole, akamtazama masikio, akamnusa kichwani. Ni Efraimu. Hana mkwaruzo. Alikuwa mkavu kabisa, wakati wao wawili walikuwa wanachuruzika maji. Mama akacheka, akalia, akamkumbatia Hulda, akamkumbatia kuku. Ndipo Hulda akaona kwamba bibi ameketi chini kwenye udongo, yeye ambaye hata kizingitini alikuwa haketi.

"Nani amemleta, mama?" Hulda akauliza.

Bibi akasubiri hadi mama amemfunga mtoto vizuri.

"Jeni," akasema.

"Jeni yupi?"

"Dada yako, Ema. Jeni ni mmoja."

Mama alijua alikuwa na dada, na kwamba alikufa kwa homa yeye akiwa mdogo. Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Siku ile, pale chini, bibi alisema lililokuwa kweli. Jeni aliolewa upande wa Yakobi. Mwezi wa baridi kama ule alimbeba mtoto wake wa kwanza akapanda peke yake aje amwonyeshe mama yake. Ukungu ukashuka. Wanaume walitafuta hadi mvua za mwanzo zikanyesha. Walipata kata yake ya kichwani. Yeye hawakumpata, wala mtoto. Bibi alificha, kwa sababu alijua Ema naye siku moja ataolewa, na hakutaka aogope njia ya kurudi nyumbani.

"Alipiga magoti pale," bibi akasema, akionyesha kwa kidevu. "Akanisalimu, 'Kamwene, mama.' Nimemleta mtoto.' Hajazeeka, Ema. Wewe ndiye mkubwa sasa. Nikanyoosha mikono. Nilitaka kumwita. Jina lilikuwa hapa." Akashika koo. "Lakini alikuwa bado amemshika mtoto mguu mmoja. Nikaogopa. Nikasema nikimwita jina atadhani mtoto ni wake, ataondoka naye. Nikamwambia, 'Asante, mwanangu,' kama ninavyomwambia mpita njia yeyote. Akanitazama. Akangoja. Alikuwa anangoja nimwite."

"Halafu?"

"Halafu akaachia."

Hulda alitaka kusema asante kwa Mungu lakini aliona haya. Mama alikuwa na mwanawe mgongoni, mzima, na mbele yake mama yake mzazi alikuwa amempoteza binti mara ya pili, kwa ajili yake. Alimpenda na kumwonea huruma. Aliniambia hilo mwenyewe, siku moja tu, tukimenya viazi.

Bibi akasimama. Akatembea hadi mwisho wa ua, akaelekeza uso mlimani. Ukungu ulikuwa bado umelala juu yake. Akajaza pumzi, yule mzee, akaita kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Jeni!"

Akaweka mikono mdomoni, akaita tena.

"Jeni, mwanangu! Njoo! Njoo nyumbani!"

Jeni hakuitika. Lakini kutoka kule juu, mbali, akalia mtoto. Mtoto mwenye njaa. Hulda akamgeukia Efraimu haraka. Efraimu alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala, mdomo wazi, kimya. Na mama yangu, aliposikia kile kilio, maziwa yakamshuka yenyewe. Yakalowesha kitenge mbele, pande zote mbili, na hakuweza kuyazuia.

Bibi aliwaingiza ndani akafunga mlango kwa gogo. Siku ile hawakuchinja kuku. Walilala wote kitanda kimoja, mtoto katikati, na Hulda anaapa kwamba alikesha. Mimi nadhani alisinzia, namjua shangazi yangu.

Walipoamka kulikuwa kweupe na Efraimu alikuwa anapiga kelele kwa njaa. Mama akampa ziwa la kushoto. Halikuwa na kitu. Lilikuwa jepesi, limenyonywa hadi mwisho. Akampa la kulia, mtoto akanyonya kwa pupa. Ndipo Hulda akaona, akamshika bibi mkono, akamwonyesha.

Juu ya ziwa la kushoto la mama palikuwa na alama mbili ndogo, nyekundu, za meno.

Bibi akaingiza kidole kinywani mwa Efraimu, akapapasa fizi, juu na chini. Zilikuwa laini. Hakuwa na jino hata moja.

"Wa Jeni alikuwa ameanza kuota," bibi akanong'ona.

Baba alipopata habari alitoka Makambako akaja kuwachukua kwa barabara ya kuzunguka, na mama hakupanda mlima ule tena. Alituzaa sisi wengine, alitunyonyesha wote, alituimbia tenzi, na kuhusu uchawi aliendelea kusema ni uvivu. Amekufa mzee, usingizini. Mimi ndiye niliyemwosha. Shangazi Hulda alikuwa ameketi mlangoni, amekwisha kuwa kipofu, na alikuwa akiniuliza jambo moja tu, akirudia: "Zile alama zipo?"

Nilimwambia hazipo, apumzike. Zilikuwepo. Na zilikuwa bado nyekundu.