Mpunga wa Mabati

Kila mvua iliponyesha asubuhi pale Sange, watoto wa darasa la sita walibaki nyumbani bila kuomba ruhusa. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya darasa lao, na hakuna mwalimu awezaye kuandika ubaoni wakati ubao unaoga. Wengi waliipenda hali hiyo. Vainqueur, aliyesoma darasa hilo pamoja na dada yake Belyse, alisikia matone juu ya nyumba, akajifunika tena shuka huku akicheka peke yake.

Belyse hakucheka. Mwisho wa mwaka alikuwa na mtihani wa taifa, na mvua ilikuwa ikiyala masomo yake kama panya alavyo gunia, kidogo kidogo.

Shule ilikuwa imejaribu kila njia ya kupata mabati. Sadaka ya kanisani ilinunua misumari tu. Tamasha la nyimbo liliharibiwa na nani mwingine kama si mvua. Mwishowe wazazi walikubaliana kila familia ilete beseni la mpunga mkavu, uchanganywe na kuuzwa wote kwa Dieudonné, mnunuzi mwenye lori. Tangu hapo mwalimu Rémy alisoma kila asubuhi majina ya waliokuwa hawajaleta. Belyse alilisikia lake mpaka akatamani kuitwa jina lingine.

Siku ile ya mvua walikaa wote ndani. Mama yake, Generose, alichoma mahindi, na baba yake, Frédéric, alichonga mpini wa jembe. Mpunga wao ulikuwa pembeni chini ya turubai, bado una unyevu. Belyse aliomba upelekwe hivyo hivyo, kwa kuwa lori lilitarajiwa kesho yake. Baba alichukua punje moja akaiuma. Haikutoa mlio.

"Mpunga iko mubichi," alisema. "Tungojee jua. Kama lori inaenda, tutauza yetu kisha tutapeleka franga."

"Na mwalimu atasoma jina yangu tena, baba?"

"Asome. Jina haiozi."

Asubuhi mvua ilikatika, na wazazi wakaenda shambani kuzibua mfereji. Belyse alijaza beseni mpunga mbichi. Kisha akafungua ndoo ya mbegu, ambamo mpunga ulikuwa umekaushwa vizuri, akachota na kuutandaza juu. Shuleni, mwalimu Rémy aliuma punje ya juu, nayo ikapasuka kama inavyotakiwa. Alimsifu Belyse mbele ya wenzake, akaumimina mpunga kwenye lundo. Jina lake halikusomwa tena, na furaha yake ilidumu mpaka jioni.

Lori halikuja. Maji yalikuwa yamekata barabara upande wa Kamanyola, na magunia ya shule yakakaa stoo, mlango umefungwa, mvua ikiendelea. Dieudonné alipofika hatimaye, wazazi walikusanyika kumpokea. Alitia mkono ndani ya gunia la kwanza, akautoa upesi. Mpunga ulikuwa wa moto. Gunia la pili lilinuka, na la tatu lilikuwa limeanza kuota. Hakununua hata moja. Aliwasha lori lake tupu akaenda zake.

Wazazi wakageukiana. Samaki mmoja akioza wote wameoza, walisema, na kila mmoja akaapa kwamba samaki huyo hakutoka kwake. Belyse alijua kwamba akinyamaza hakuna atakayemgundua. Alijua pia kwamba wakiachana hivyo, hakuna atakayetoa tena hata punje moja. Alimshika mama yake mkono.

"Ni miye, mama. Nilipeleka mubichi, nikaweka mbegu juu."

Mama akamwambia arudie mbele ya wote. Belyse alirudia akilia. Ndipo Jolie, binti wa jirani, akasema kwamba naye alifanya vivyo hivyo. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mwalimu Rémy aliinamisha kichwa, akasema kwamba ni yeye aliyewaharakisha kwa kuwasomea majina.

Turubai zilitandikwa uwanjani, mpunga ukaanikwa na kuchambuliwa. Uliookoka uliuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Fedha ilitosha mabati ya upande wa ubao tu. Nyuma, mbingu ilibaki wazi. Mabati mengine hakuna aliyejua yatatoka wapi, na nyumbani kwa Belyse mbegu ilikuwa imepungua.

Mvua iliyofuata, hakuna mwanafunzi wa darasa la sita aliyebaki nyumbani. Walisimama bega kwa bega chini ya mabati yale machache, madaftari yao kifuani. Baba Frédéric alikuja na turubai lake la kuanikia, akalifunga nyuma ili maji yasiwapige. Alipomaliza, alimwinamia binti yake.

"Mpunga mubichi haiozi yenyewe tu," alisema. "Inapasha moto ile kavu ya jirani, na yote inaharibika. Uongo iko vile vile. Weye uliogopa jina yako isomwe, kumbe jina ingebaki nzima. Siku ile ulisema kweli, watu hawakuachana, ndiyo hii turubai imepata mahali pa kufungiwa."

Belyse alitaka kumjibu, lakini baba alimgeuza mabega aangalie mbele. Mwalimu alikuwa ameanza kuandika.