Maji ya Betri

Betri ilipasuka saa sita mchana, katikati ya uwanda wa chumvi, kwa mlio mkavu uliowafanya wote wawili wadhani ni tairi. Fundi ndiye aliyekuwa akiendesha. Alibana breki, pikipiki ikayumba, ikalala ubavu, na kabla vumbi jeupe halijatulia alimsikia kaka yake akipiga yowe. Halikuwa yowe la kuanguka.

"Mguu! Mguu unawaka!"

Suruali yake ilikuwa imelowa kuanzia pajani hadi gotini, na kitambaa kilianza kuoza mbele ya macho yao. Asidi. Fundi hakujiuliza mara mbili. Aliichana suruali, akanyakua dumu la lita tano lililofungwa nyuma, akammiminia, na huku akimimina akimtukana.

"Tulia! Acha kurusha miguu, punguani we! Maji yanamwagika chini!"

"Ulitaka yamwagike juu?"

Alimimina mpaka dumu likawa jepesi, akaendelea kumimina. Alijua anachokimwaga. Kutoka pale hadi ukingo wa uwanda zilibaki kilomita arobaini, simu hazikuwa na mtandao, na njia ile siku hizi hupitwa na gari mara moja kwa wiki, gari lenyewe likijisikia. Lakini asidi haingoji mtu apige hesabu. Alipoacha, dumu lilibaki na maji ya kikombe kimoja, na paja la kaka yake lilikuwa jekundu, limetoka malengelenge, ila lilikuwa bado paja.

Hapo ndipo hasira ilipompanda vizuri.

"Wiki sita unatafuta betri," alisema. "Wiki sita! Halafu unaniletea bomu!"

Pikipiki ilikuwa ya baba yao. Aliinunua kabla hata mmoja wao hajazaliwa, zama zile pikipiki zikitumia umeme wa volti sita. Sasa mzee alikuwa amehamia kwa dada yao mkubwa, ng'ambo ya uwanda, na macho yalikuwa yakimwisha. Alitaka kuitazama tena maadamu bado anaona. Fundi aliifufua injini gerejini kwake kwa miezi minne. Ikabaki betri, na betri akamwachia kaka yake, mshonaji nguo, kwa kuwa ndiye anayejuana na nusu ya mji. Mshonaji alizunguka maduka hadi soli zikaisha. Kila mahali walimcheka: volti sita? Hizo zilizikwa na wenyewe! Mwishowe akaipata kwenye stoo ya muuza vipuri mmoja, nyuma ya lundo la feni mbovu, mpya ndani ya boksi lake, haijawahi kutiwa kitu. Muuzaji akaijaza asidi na kuichaji vifuniko vya juu vikiwa wazi, na mshonaji akaileta gerejini asubuhi ya safari, amechelewa saa mbili, akimkuta mdogo wake amenuna kama mbingu ya masika.

Fundi aliinama kwenye kisanduku cha betri aone kama kuna cha kuokoa. Hakukuwa na kitu. Ubavu wa betri ulikuwa umefumuka. Ila pembeni, juu kidogo, aliona kitu kilichomfanya anyamaze katikati ya tusi.

Betri za aina ile hupumua. Zikichajiwa, hata na injini safarini, hutoa hewa, na hewa hiyo hutoka kwenye kijimdomo cha pembeni. Kiwandani hukiziba kwa kizibo chekundu cha mpira, unyevu usiingie, na jambo la kwanza ambalo fundi yeyote hufundishwa, kabla hata ya majina ya spana, ni kuking'oa kizibo hicho siku ya kuifunga betri, la sivyo hewa huipasua. Kizibo kilikuwa palepale, kimekaa imara. Na betri ile hakuifunga muuzaji, wala mshonaji. Aliifunga yeye, kwa mikono yake, asubuhi ile, huku akimsomea kaka yake risala ya kuchelewa. Mdomo ulifanya kazi, macho yakapumzika.

Alikichomoa kizibo akakitia mfukoni. Kisha akageuka na kufoka maradufu, maana hasira ya aliyekosa ni kali kuliko ya aliyekosewa.

"Ungekuja mapema haya yote yasingetokea! Inuka! Tunakwenda kwa miguu."

"Kwa mguu mmoja, unataka kusema," alijibu kaka yake, akajizungushia turubai la pikipiki kiunoni kama shuka.

Njia ilionyeshwa na nguzo fupi za zege zilizoachwa na kampuni ya chumvi iliyohama, moja kila kilomita tano. Katikati hakukuwa na kitu cha kushika jicho. Chumvi ilivunjika chini ya viatu kwa mlio wa sukari guru, jua likarudi kutoka chini likiwachoma hadi ndani ya pua. Kile kikombe kimoja walikigawana mapema, nao wakakimaliza kabla hawajaikaribia nguzo ya kwanza.

Hapo mshonaji akakumbuka. "Kuna chupa kwenye mkoba wangu. Yule muuzaji alinipa."

"Chupa ya nini?"

"Maji ya betri."

Fundi alisimama. "Yapi?"

"Maji ya betri, mdogo wangu. Kwani yako mangapi?"

Yako mawili, na hilo ndilo lililomtia wazimu. Kuna maji safi ya kuongezea betri iliyopungua, maji yasiyo na chumvi wala ladha, hayo huitwa maji ya betri. Kuna na asidi yenyewe, na hiyo nayo, kwa uvivu wa ulimi, huitwa maji ya betri. Moja unaweza kulinywa ukaishi. Lingine litakutoboa koo. Yote mawili ni meupe, hayana harufu, na chupa haikuwa na hata alama ya kalamu. Wataalamu wa lugha waliolala usingizi badala ya kutafuta neno la pili wangekuwa mbele yake saa ile, angewanyonga mmoja mmoja.

Mshonaji alikuwa ameshafungua kifuniko. Fundi akampokonya.

"Lete! Koo limekauka, bora nife nikiwa nimelilowesha!"

"Utakufa huna koo. Alisemaje huyo mtu? Neno kwa neno."

"Alisema, 'Na haya maji ya betri kaa nayo.' Basi. Ningejuaje kama nafanyiwa mtihani?"

Angeweza kupaka tone mkononi aone kama litawasha. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika suruali ile yenye asidi, vikimwasha tangu mchana, na shahidi wa namna hiyo haaminiki. Aliifunga chupa, akaikumbatia, akatembea. Kaka yake alimfuata akilalamika njia nzima kuhusu watu wabinafsi.

Kwenye nguzo Fundi alipiga magoti. Sakafu ya gereji yake ilikuwa na mashimo kila mahali asidi ilipowahi kumwagika. Saruji ikiguswa na asidi hutoa povu na kulia kama mafuta kikaangoni. Alijaza kifuniko, akamimina juu ya zege, na wote wawili wakainamisha masikio.

Kimya. Zege liliingia weusi wa maji, likakauka.

Alimimina tena, safari hii penye ufa. Kimya vilevile. Akagusa tone kwa ncha ya ulimi. Halikuwa na ladha ya chochote duniani, na hakuwahi kuonja kitu kitamu kuliko hicho. Mshonaji alicheka mpaka midomo yake iliyopasuka ikatoa damu.

Walikunywa kwa kipimo cha kifuniko, mmoja baada ya mwingine, na Fundi akawa karani mkali. Lita moja, watu wawili, nguzo saba mbele. Walitembea jua likishuka, walitembea kwa baridi, walilala kidogo ndani ya turubai wakipeana migongo, wakaamka na kutembea tena. Paja la mshonaji lilivimba. Kila hatua aliivuta kwa sauti.

Lakini kuna jambo Fundi hakulielewa. Kila alipolegea yeye, kila miguu ilipomwambia kaa chini, kaka yake aliyekuwa hoi kuliko yeye alipata pumzi ya kumchokoza.

"Ungekuwa fundi wa kweli, tungekuwa tumeshafika."

"Unasemaje?"

"Nasema gereji yako ina kibao kikubwa kuliko kazi."

Naye aliwaka, akamshika kwapa na kumkokota mita mia mbili akimporomoshea matusi. Ukoka wewe! Sindano isiyo na tundu! Kutwa unakaa chini ya feni unapima viuno vya watu, utajua nini? Mfukoni kizibo kilimchoma paja kana kwamba nacho kina asidi, na kadiri kilivyomchoma ndivyo alivyopiga kelele.

Asubuhi ya pili chupa iliisha kwenye nguzo ya sita. Kwenye ya saba mshonaji alikaa chini na hakumchokoza mtu. Fundi alimtukana kwa akiba yote aliyokuwa nayo, hakujibiwa. Akambeba mgongoni, hatua kumi, kupumzika, hatua kumi. Hakuhesabu mara ngapi. Dereva wa greda, aliyekuwa akisawazisha njia upande wa ukingo, alisimulia baadaye kwamba alidhani anaona mtu mmoja mnene mwenye hasira, kwa maana kabla hajamwona vizuri alikuwa ameshamsikia.

Kambi ya watengeneza barabara ilikuwa na chumba cha bati cha huduma ya kwanza: kitanda cha chuma, kabati la dawa lenye kufuli, feni iliyofungwa kwa waya. Mhudumu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani, aliosha lile paja polepole, akalikagua.

"Nani alikumwagia maji?"

"Mdogo wangu."

"Mshukuru. Angeyabania tu maji yale, ungekuja hapa na mfupa." Akamgeukia Fundi. "Umemwokoa kaka yako, mwanangu."

Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha nne mkononi. Aliivumilia sifa ile mpaka mhudumu alipotoka, akakitua kikombe kwa nguvu hadi maji yakaruka.

"Mimi ndiye niliyekuunguza," alisema. "Kizibo sikukitoa. Betri yako ilikuwa nzima. Ulitafuta wiki sita ukapata kitu kizuri, mimi nikakiharibu, halafu nikakutukana siku mbili."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona ukikitia mfukoni. Nimelala chini, sikulala macho. Na ile sura yako nimeijua tangu uvunje chungu cha mama."

Fundi alisimama. "Na ukanyamaza! Siku mbili nakuita kila jina la duniani, unanyamaza!"

"Ningesema, ungefanya nini? Ungekaa chini ulie. Wewe ukilia hutembei. Ukikasirika hata lori halikukamati." Alijiweka vizuri kwenye mto, akikunja uso kwa maumivu. "Nilikuwa na mguu mmoja, mdogo wangu. Nilihitaji mtu aliyekasirika."

Fundi alitafuta tusi. Alitafuta kila mahali, hakulipata hata moja. Yote yalikuwa yamebaki kule kwenye chumvi. Hasira bado ilikuwepo, tele, ila sasa ilikuwa ya kwake peke yake, na mtu hawezi kujibeba mgongoni. Tangu utoto wao kuna neno moja alilokuwa hajawahi kumwambia mtu huyu. Alilisema huku akitazama ukuta, kwa ukali, kama mtu anayedai haki yake.

"Samahani."

Mshonaji aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasemaje? Masikio yamejaa chumvi."

"Usinichoshe!" akafoka.

Kisha akavuta ile ndoo hadi kando ya kitanda, akaketi, akarudia.