Gari ya Anaclet Iko Panne

"Chérie, gari iko panne. Niko kwa garage, mekanika amefungua injini yote. Baki nyumbani."

"Anaclet, interview ni leo! Kule Jacobs hawataningoja."

"Kazi zingine zitakuja. Na taxi usipande. Mugeni asiyejua Kizulu wanamushusha njiani. Unanisikia?"

Immaculée alisikia. Miaka miwili kazi yake ilikuwa kusikia tu. Anaclet alimpeleka saluni alikosuka nywele za watu, Anaclet alimrudisha, na mtaa mzima wa Glenwood ulimwonea wivu kwa mchumba mwenye gari. Lakini kazi hii ya kiwandani aliitaka kwa moyo wote.

Rhoda, Mtanzania wa chumba cha pili, alimkuta analia mlangoni, viatu vizuri mguuni.

"We dada, wanaopanda hizo Hiace kila siku wamezaliwa humo? Nenda, taja Jacobs. Ukitaka kushuka paza sauti: after robot! Futa machozi, wanja unateremka."

Mwenzangu, akapanda, na hakuna aliyemshusha! Mama mmoja wa Kizulu alimsogezea nafasi dirishani, akamwita "my baby". Muziki ulilia mpaka uoga ukaona aibu. Kufika Clairwood, taa za barabarani, robot kama wanavyoziita huku, zikawaka nyekundu. Simu ikaita.

"Chérie, uko nyumbani?"

"Wewe uko wapi?"

"Garage tu. Injini iko chini."

Immaculée akakodoa macho. Njia ya pili, chini ya dirisha lake, lilikuwa gari lile lile la panne. Anaclet simu sikioni, na kwenye kiti cha Immaculée alikaa Laurette, msusi mwenzake wa saluni, aliyeaga kazini kwamba leo anaumwa tumbo, anapaka lipstiki. Ilimuuma, ilimuuma sana.

"Anaclet, inua macho. Dirisha ya taxi."

Akainua. Simu ikamdondoka.

Mguu ulimwasha Immaculée ashuke akazing'oe zile nywele za Laurette alizozisuka mwenyewe juzi. Yule mama akamshika bega.

"My baby, you want to get off?"

"No, mama. Jacobs."

Na Jacobs ilipofika, alipaza sauti ya kuvunja vioo:

"After robot, driver!"

Mchana alitoka getini na kazi mkononi. Anaclet alikuwa anamngoja, gari limepona ghafla.

"Ingia nikueleze. Laurette nilimupa lift tu."

"Lift kwa gari ya panne?"

"Nisamehe, chérie. Sasa utarudi namna gani? Njia haujue!"

Immaculée alivua pete, akaiweka juu ya boneti. Akainua kidole. Taxi ikasimama.

"Town?"

"Town, driver!"

Alikaa mbele kabisa, akampigia Rhoda.

"Rhoda, kazi nimepata!"

"Aleluya! Na Anaclet?"

"Gari yake iko nyuma yetu, inapiga honi."

"Utamfanyaje?"

Immaculée akamgeukia dereva, anacheka.

"Driver, volume please!"

Dereva akaongeza muziki, na ile honi haikusikika tena.