Nafasi ya Kiganja

Bisha. Anza kubisha sasa hivi, nakusubiri. Ukimaliza ukae chini, maana wanaobisha kwa sauti ndio hao hao huomba kusindikizwa msalani hadithi ikiwa haijafika hata nusu. Mimi si mtu wa kutishika, nimewahi kukatiza makaburini nikitafuna karanga. Lakini habari hii ya shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu mkubwa, siisimulii nikiwa peke yangu chumbani.

Shemeji ni fundi wa vioo. Mtaani jina lake wamelisahau, wanamwita Fundi Vioo, na yeye huitikia kama kaitwa waziri. Kioo akikikata yeye, kinaingia kwenye fremu kama kimezaliwa humo. Hata wembe haupiti. Sifa hiyo anaijua, na anaipenda kuliko usingizi.

Mama yake alikuwa anaishi nao. Miguu ilishamkataa, macho nayo yalikuwa yanamuaga kidogo kidogo, kwa hiyo maisha yake yote yalikuwa kwenye kochi refu la sebuleni. Analala hapo, anaamka hapo, anagombana na watangazaji wa redio hapo. Fundi Vioo ni mtoto wake wa pekee, na alimpenda yule mama mpaka dada yangu akawa anamtania, "Wenzangu wameolewa na mume. Mimi nimeolewa na mtoto wa mtu."

Ili mama asikae mpweke, Fundi akakusanya vioo vilivyobaki kwenye kazi zake, akaunda tangi la samaki. Si kubwa, si dogo. Refu kama benchi la watu wawili. Akatia humo vile visamaki vya rangi rangi.

"Tangi zuri, baba," mama akasema. "Samaki utaleta lini?"

"Si hao wanazunguka, Mama!"

"Mimi naona maji tu. Niletee samaki ambaye hata mimi nitamwona. Mkubwa, mwenye mwili."

Basi jioni moja, jua likiwa linazama, Fundi akafunga karakana mapema, akaenda kutafuta samaki mwenye mwili.

Duka lilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya maduka ya vyuma. Ukuta mzima ni matangi, pampu zinanguruma kama paka walioshiba. Muuzaji alikuwa mwanamke mrefu, kavaa mabuti ya mpira, mikono ya blauzi imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Nataka samaki mkubwa," Fundi akasema.

"Kila mwanamume akiingia hapa anataka samaki mkubwa. Tangi lako likoje?"

"Kama benchi la watu wawili."

"Wembamba au wanene?"

Fundi akacheka. Akaonyesha sato mmoja mpana, mweusi. Muuzaji akatikisa kichwa: huyo akikua atagombana hata na kivuli chake. Akaonyesha kambare. Huyo ataruka, utamkuta jikoni anatafuta sufuria.

"Sikiliza, fundi. Samaki mkubwa hatumpimii urefu wa tangi. Tunapima anavyogeuka. Akishindwa kugeuka bila kukunja mkia, hapo hujamfuga, umemtesa. Chukua wa wastani, wawili, watano..."

Hapo ndipo aliposikia.

Hhhhhh...

Pumzi. Ndefu, ya kuchoka, kama mtu aliyevua viatu baada ya safari. Ilitoka chini, kwenye kona isiyo na taa. Na harufu ikafuata. Tope. Tope la mto uliokauka, jua la kwanza likilipiga.

"Nani yuko pale?"

Muuzaji hakugeuka. "Kamongo."

Fundi akasogea. Ndani ya beseni jeusi alilala samaki mnene kama mkono wa mbeba mizigo, mapezi membamba kama kamba za viatu, macho madogo ya mtu anayekusikiliza na kukudharau. Kajikunja nusu duara, katulia tuli.

"Huyu ndiye!" Fundi akasema. "Huyu hata mama yangu atamwona. Na hahitaji kugeuka, angalia, anajikunja kama mkanda."

"Kwenye tangi lako atatosha," muuzaji akasema taratibu. "Ndiyo maana sikukuonyesha."

"Kuna nini?"

"Sijui. Mtu alimrudisha. Aliweka beseni hapo mlangoni, akaondoka bila kuniangalia usoni." Akashusha sauti. "Ukimchukua, acha nafasi. Huyu hapumui majini kama wenzake, anapanda juu kuvuta hewa. Kiganja kizima kati ya maji na mfuniko. Kiganja, fundi. Na mfuniko uwe na tundu."

"La sivyo atakufa maji?" Fundi akaangua kicheko. "Samaki afe maji! Nikienda kusimulia hii watanifungia karakana."

Muuzaji hakucheka.

"Kamongo mwingine angekufa," akasema.

Sasa nikueleze kosa, na ni kosa ambalo fundi wa vioo tu ndiye angelifanya. Siku ya kuunda tangi, gundi ilimponyoka kwenye kona ya juu, ikaacha mstari mchafu. Maji yakipungua, mstari unaonekana. Yakijaa mpaka ukingoni, hauonekani. Na mfuniko alikuwa ameshaukata, kioo kizima, umekaa pale juu bila hata nafasi ya kupitisha unywele. Atoboe kazi nzuri kama ile? Kwa ajili ya samaki?

Visamaki akavigawa kwa majirani, kamongo akamtia tangini, akajaza maji mpaka juu. Akafunika.

"Muuzaji hakusema chochote kuhusu hewa?" dada akauliza.

"Alisema. Atazoea."

Mama alifurahi kama kaletewa mjukuu. "Huyu namwona! Jamani, ana uso wa marehemu mjomba wenu, yule mdeni." Akaweka kiganja kwenye kioo, akamsimulia samaki habari za siku nzima. Akalala anacheka.

Asubuhi samaki alikuwa amelala chini, mzima. Fundi akapiga kifua, akaenda kazini.

Jioni aliporudi, redio ilikuwa inaongea peke yake. Hakuna aliyeibishia.

Wakakaa kula. Sebule ilinuka tope. Dada alikuwa ameshapiga deki mara mbili, harufu iko pale pale. Mama alishika kijiko, akakitazama, akakiweka chini. Kisha akainua kidevu. Akainua, akainua, mpaka shingo ikanyooka na mdomo ukaelekea darini. Ukafunguka.

Hhhhhh...

Akameza. Akafunga mdomo. Akatulia.

Fundi akasubiri mama apumue tena. Mtu akivuta, anatoa, anavuta, si ndivyo? Kifua cha mama kilikuwa kimelala kama meza.

"Mama?"

Akamgusa bega.

"Mama, unaumwa?"

"Nimeshavuta," mama akanong'ona. "Inatosha kidogo."

Dada akasimama. Hakuwa anamwangalia mama. Alikuwa anaangalia tangi.

Samaki alikuwa amelala chini pale pale. Hajapanda. Angepanda wapi? Lakini ubavu wake ulikuwa unakwenda. Juu, chini. Juu, chini. Polepole, kama wa mtu aliyelala usingizi mzuri kwenye kochi. Na mfuniko, upande wa ndani, pale ambapo maji yalikuwa yamegusa kioo na hapakuwa na hewa hata ya mbu...

Ulikuwa umeingia ukungu.

"Fungua!" dada akapiga kelele. "Fungua hilo dude!"

Fundi akaparamia mfuniko. Kucha hazikupata pa kushika. Akaleta vikombe vya mpira anavyonyanyulia vioo vya madirisha ya benki, akavibandika, akavuta. Mfuniko haukutikisika. Ulikuwa umevutwa kwa ndani. Kazi yake nzuri, isiyopitisha wembe, ilikuwa inamkataa yeye mwenyewe.

Mama akainua kidevu tena. Safari hii mdomo ulifunguka, pumzi haikuja. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

Fundi akashika nyundo.

"Usivunje, baba," mama akasema bila pumzi, sijui kwa kutumia nini. "Tutamwagika."

Nyundo ikabaki hewani. Tutamwagika. Sisi akina nani?

Akaitupa. Akachukua kisu chake cha kukatia kioo, akachora mstari kwenye kona ya mfuniko, akaibana kwa koleo, akaivunja.

Pah!

Tope likanuka mpaka machozi yakawatoka. Samaki akapanda. Hakuharakisha. Akatoa mdomo kwenye ile kona, mdomo laini, mweupe kwa ndani, akavuta.

Na kwenye kochi, nyuma yao, mama akavuta.

Pumzi moja. Si mbili zilizofuatana. Moja.

Fundi akachota maji kwa kikombe, akamwaga sakafuni, akachota, akamwaga, mpaka nafasi ya kiganja ikapatikana na mstari wake mchafu wa gundi ukaonekana na dunia nzima. Mama akaanza kupumua kama watu. Fundi akalia. Halafu hasira zikampanda: samaki arudi dukani, sasa hivi! Akamtia kwenye ndoo. Ndoo ilipovuka mlango, mama akazima kama taa. Ndoo ikarudi. Mama akawaka.

Kesho yake Fundi alikwenda kwa muuzaji akiwa mikono mitupu. Mwanamke yule alimtazama tangu mbali.

"Uliacha nafasi?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Basi wameshazoeana."

"Nataka kumrudisha."

Muuzaji akakausha mikono yake kwenye sketi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Utamrudisha yupi?"

Shemeji mpaka leo anasema yule muuzaji alikuwa mhuni tu, anapenda kutisha wateja. Kwani hasara iko wapi? Mama yake amepona. Tena amepona kupita alivyokuwa: anasimama, anatembea sebuleni bila viatu, hasikiki. Macho yanaona. Redio haibishii tena, anaisikiliza tu. Majirani wanasema muujiza. Samaki naye anakula, anakua. Siku hizi akitaka kugeuka lazima akunje mkia, na Fundi anasema ataunda tangi kubwa zaidi akipata vioo. Ndiyo hivyo. Imekwisha.

Haya, haijaisha. Acha kuniangalia hivyo.

Nimesimulia kana kwamba niliambiwa. Nilikuwepo. Nilikwenda kula kwa dada kama kawaida yangu, na mambo yalipoanza nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani yangu mkononi, nimeganda. Aliyemtia samaki kwenye ndoo ni shemeji, lakini aliyeibeba ni mimi. "Kimbia nayo dukani!" akasema. Nikakimbia.

Nilimsikia dada akipiga kelele nyuma yangu kwamba mama amezima. Nilisikia vizuri. Nikajiambia, mzee kazimia kwa hofu, hili dude likifika mbali atazinduka. Sikuishia mlangoni. Nilifika barabarani. Nilipita taa ya kwanza, nikapita kibanda cha vocha.

Yule mama hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kwa sababu ya sahani zangu, alikuwa ananiita Mlafi Wangu. Yeye peke yake. Wala si mbele za watu.

Penye kona, ndoo ikapumua. Hhhhhh... Kisha, kwa chini chini, kwa sauti ninayoijua kabisa, ya mtu mzima anayeona baridi:

"Mlafi Wangu. Unanipeleka wapi?"

Nikarudi mbio. Nikammwaga kwenye tangi, maji yakanirukia mpaka usoni. Na pale kwenye kochi, yule mwingine akavuta pumzi, akafumbua macho, akanitazama kutoka juu mpaka chini, moja kwa moja, kama anayeniona kwa mara ya kwanza. Hakuniita kitu. Mpaka leo hajaniita kitu.

Shemeji sijamwambia. Utaanzia wapi kumwambia mtu, wakati anamlisha mama yake uji kwa mkono wake japo mwenyewe anaweza, anamfuta mdomo, ana furaha?

Ila mimi nikiingia pale, naliamkia tangi kwanza. Shemeji anacheka mpaka anashika mbavu.

Acha acheke.