Chuma cha Stesheni

Apa kwanza. Sema wallahi simwambii mtu. Haya. Mimi pia niliapishwa na shoga yangu Barke, na yamini yenyewe haikufika alasiri.

Waijua ile stesheni ndogo iliyokufa, huku juu ya Changamwe? Zamani gari la moshi lilisimama pale kunywa maji. Mwinyihaji, mume wa Barke, ndiye aliyegonga kile kipande cha reli kilichoning'inizwa barazani, abiria wajue gari laja. Ngaa... ngaa. Siku moja gari likamkanyaga yeye mwenyewe. Baadaye stesheni ikafungwa, wakabaki popo.

Mwezi huu chuma kikaanza kulia tena. Kila magharibi.

"Barke aufuga mzimu wa mumewe," watu wakanong'ona. Rashid, shemeji yake, ndiye aliyenong'ona kwa sauti kubwa. Wakampa hadi Ijumaa ahame, nyumba na kiwanja aviache.

Alhamisi Barke akanijia. "Shoga, leo tukavizie huko stesheni. Lakini apa humwambii mtu." Nikaapa.

Nilimwambia jirani yangu Wardah tu.

Jua likizama tukajibanza chumba cha tikiti. Popo. Mikojo ya mbuzi. Kisha moshi... moshi wa makaa ya mawe, ule wa zamani, wa kukaba koo.

"Waisikia harufu?" nikanong'ona.

"Nyamaza, bibi wee. Leo tu."

Ngaa.

Mtu amesimama barazani. Kofia ya reli kichwani, bega moja limelala, vile vile kama la Mwinyihaji. Barke akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Barke..." kikasema kile kitu. "Hama..."

Hapo tochi za simu zikawaka pande zote. Kumbe Wardah naye alimwambia mmoja tu. Mtaa mzima umejificha majanini, hadi imamu. Na katikati ya mwanga, Rashid, nyundo mkononi, kofia ya marehemu nduguye kichwani.

"Nilikuwa... napita," akasema.

"Na nyundo, shemeji?" akauliza Barke. "Nayo yapita?"

Watu wakacheka hadi wakashikana. Wakamvua kofia, akakiri: alitaka kiwanja.

"Na makaa umeyachomea wapi?" nikamuuliza.

Rashid akanitazama. "Makaa gani? Mimi nagonga tu."

Kicheko kikakatika.

Moshi ulikuwa wazidi, watoka upande wa bara, kule gari lilikokuwa likitokea.

Barke akaichukua kofia. Akaipangusa vumbi polepole. Akasogea ukingoni mwa reli, akasimama... kama mtu aliyekuja kumpokea mgeni.