Kwanini Atafuta Msimamizi

Asubuhi hiyo mama alikuwa anashona sare za shule. Binti yake alikunywa chai amesimama. Nyumbani walimwita Kwanini, maana tangu utotoni hakuchoka kuuliza. Alikuwa na shahada ya kwanza ya saikolojia, naye alifundisha chekechea.

"Mama, jana tena! Yule mtoto mgeni alilia langoni mpaka sauti ikamkauka. Nikambembeleza, wapi! Mwenzake akamshika mkono tu, kilio kikakatika. Kwa nini?"

"Mwanangu, utanipasua kichwa. Kaulize chuoni."

"Ndiyo nataka! Nitasoma shahada ya uzamili. Kuna chuo kina jina kubwa, leo natuma maombi."

"Hebu ngoja," ikasikika sauti mlangoni. Alikuwa jirani yao, mtafiti, amefuata gauni lake. "Shahada ya namna gani?"

"Ya saikolojia, shangazi."

"Hilo nimelisikia. Iko inayokufunza kutibu na kutoa ushauri. Na iko ya utafiti. Hiyo unachimba swali lako mwenyewe, unakusanya ushahidi, unaandika tasnifu. Ukikosea hapo, utasoma umenuna."

Kwanini akaweka kikombe chini. "Ya utafiti! Hiyo hiyo!"

"Basi usikimbilie jina la chuo. Tafuta msimamizi, yaani mhadhiri atakayekuongoza. Soma kazi zake. Anachunguza watoto? Mwandikie kwa kifupi, mweleze swali lako, uliza kama anapokea wanafunzi. Halafu ndipo uombe. Watataka matokeo yako, pendekezo la utafiti, na barua za walimu waliokufundisha."

Kwanini alisoma mpaka macho yakamwasha. Kile chuo chenye jina hakikuwa na mtaalamu wa watoto wadogo. Katika chuo kingine akampata mhadhiri anayechunguza jinsi watoto wanavyotulizana. Moyo ukamruka! Akamwandikia. Mhadhiri akajibu: "Lete pendekezo."

Jirani alipolisoma pendekezo aliloandika Kwanini, alicheka. "Unataka kuchunguza watoto wa dunia nzima? Punguza, bibie! Swali moja linatosha."

Kwanini akanuna kidogo, kisha akaandika upya. Akatuma maombi. Akasubiri, roho juu.

Simu ililia darasani, watoto wakipaka rangi.

"Chuo kimekukubali," mhadhiri alisema. "Wazazi wakiridhia, tutaanza utafiti hapo hapo kwenye chekechea yako."

Kwanini akapiga kelele ya furaha. Darasa zima likapiga kelele naye, bila kujua sababu.